Asali Haizibwi Kabla ya Kuiva

Hotuba iliyosomwa msikitini mbele ya wanajumuiya, wake kwa waume. Tunaichapisha hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakujaliwa kuhudhuria.



Ndugu wapendwa, tumetakiwa leo kuzungumza juu ya nyuki na namna anavyotengeneza asali. Huenda wapo watakaosema: asali tunaijua, tumeilamba tangu utotoni, kuna nini cha kuhutubiwa? Sisi pia tulikuwa tukidhani hivyo, mpaka ujinga wetu juu ya jambo hili ulipotufanya tumdhulumu ndugu yetu Mwislamu mbele ya watu. Habari hiyo tutaieleza baadaye kidogo, kwani haitafahamika vema mpaka kwanza ifahamike kazi ya nyuki.

YALIYOTAJWA KATIKA SURA YA NYUKI

Sura ya 16 ya Kurani Tukufu inaitwa An-Nahl, yaani Nyuki. Katika aya ya 68 na ya 69 tunafahamishwa kwamba Mwenyezi Mungu alimfunulia nyuki kazi yake. Inatajwa kwanza mahali pa kujenga makazi: milimani, mitini na katika yale wanayoyatengeneza watu. Kisha inatajwa riziki yake kutoka katika mazao ya mimea, na njia alizosahilishiwa na Mola wake. Ni baada ya hayo yote ndipo kinapotajwa kinywaji chenye rangi mbalimbali, ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Na mwisho wanaitwa wenye kufikiri.

Basi tutazame mpango huo: makazi, riziki, njia, na mwisho ndipo kinywaji. Asali haikutajwa mwanzo. Imetajwa baada ya kazi kutimia.

Wenye kujua lugha ya Kiarabu wanatueleza pia kwamba maneno yote matatu ya amri aliyopewa nyuki katika aya hizo yako katika umbo la kike. Nasi leo tunajua kwamba nyuki wote wafanyao kazi ya kujenga masega, kutafuta chakula na kutengeneza asali ni majike. Madume hayafanyi kazi hiyo hata kidogo. Kwa muda mrefu watu wa Ulaya walimdhani mkuu wa mzinga kuwa ni mfalme, na ilikuwa katika karne ya 17 ndipo Jan Swammerdam wa Uholanzi, akitumia darubini ya kutazamia vitu vidogo, alipoonyesha ndani ya mwili wa huyo "mfalme" viungo vya kutagia mayai. Hatusemi kwamba Kurani Tukufu ililetwa ili kutufundisha ufugaji wa nyuki. Tunasema tu kwamba tumeamrishwa tufikiri, na mwenye kufikiri hukuta zaidi ya alichokitazamia.

MAJI YA MAUA SI ASALI

Watu wengi hudhani kwamba asali imo tayari ndani ya ua, na kazi ya nyuki ni kuichota na kuileta nyumbani kama mtu achotavyo maji kisimani. Sivyo hata kidogo. Kilichomo ndani ya ua ni maji matamu yaitwayo mbochi, na mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji matupu. Ukiyakusanya maji hayo katika chupa na kuyaacha, baada ya siku chache yatachacha. Hayana umri.

Nyuki mtafutaji huyafyonza kwa ulimi wake mrefu na kuyaweka katika mfuko maalumu ulio mbele ya tumbo lake la chakula. Baina ya mfuko huo na tumbo pana kilango kidogo kinachofungwa, ili ule mzigo wa jumuiya usichanganyike na chakula chake mwenyewe. Angalieni, ndugu zetu, uaminifu huu: amebeba mzigo unaoweza kukaribia nusu ya uzito wa mwili wake, naye hula kiasi kidogo tu cha kumpa nguvu za kuruka. Kilichobaki ni amana.

Akifika mzinganini, ikiwa ameona mahali penye maua mengi, huwajulisha wenzake. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alichunguza kwa miaka mingi namna nyuki wanavyopashana habari. Alionyesha kwamba nyuki hucheza juu ya sega gizani, akitikisa mwili wake huku akienda katika mstari ulionyooka. Mstari ukielekea juu moja kwa moja, maana yake ni kwamba chakula kipo upande wa jua. Ukiinama kulia au kushoto, wenzake hujua wapinde kiasi gani kutoka upande wa jua. Na kadiri anavyotikisika kwa muda mrefu ndivyo mahali penyewe palivyo mbali. Mwenye kusoma habari hii kisha akakumbuka zile njia zilizosahilishwa, moyo wake hauwezi kukaa kimya.

Lakini yule aliyeleta mzigo haumalizi kazi yeye mwenyewe. Humkabidhi nyuki wa ndani, mdomo kwa mdomo. Huyu wa ndani huutoa mzigo kidogo kidogo mdomoni, akautandaza kama tone jembamba ili upate hewa, kisha akaurudisha, akautoa tena, mara nyingi, kwa muda wa dakika 20 hivi. Wakati huo huo tezi za kichwani mwake hutia ndani yake vimeng'enya. Kimoja huivunja sukari ya maua kuwa sukari mbili nyepesi, glukosi na fruktosi. Kingine huleta tindikali kidogo pamoja na haidrojeni peroksaidi, ambayo ni dawa itumikayo pia kusafishia vidonda. Hii ni sehemu ya sababu inayofanya vijidudu vingi vishindwe kuishi ndani ya asali.

Baada ya hapo matone huwekwa katika vijumba vya sega, na kazi kubwa ya kukausha huanza. Nyuki hujipanga wakapepea mabawa yao, hewa yenye unyevu ikatoka na hewa kavu ikaingia, usiku na mchana. Joto la mzinga, ambalo penye majana hukaa kwenye nyuzi 34 au 35 za sentigredi, husaidia. Maji hupungua mpaka yanafikia asilimia 18 hivi. Hapo ndipo asali imeiva. Na hapo tu, si kabla, nyuki hukiziba kile kijumba kwa nta itokayo katika tezi zilizo chini ya tumbo lao. Nta hiyo ni kama lakiri juu ya barua: ni ushahidi wao kwamba kazi imekwisha.

Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme maji ya maua yalikuwa na sukari asilimia 30. Ili kupata kilo moja ya asali iliyoiva, zinahitajika karibu kilo mbili na robo tatu za maji hayo, na karibu kilo moja na robo tatu ya maji matupu yapaswa kupepewa mpaka yaishe. Ikiwa kila mzigo ni miligramu 40, hiyo ni mizigo karibu 70,000. Na kila nyuki mfanyakazi, katika msimu wa kazi nyingi, huishi wiki sita hivi tu. Hivyo basi wengi walioanza kuijaza chupa iliyo mezani petu hawakuwapo ilipozibwa.

HABARI YA NDUGU YETU

Sasa tuieleze ile habari. Alikuwapo ndugu mmoja katika jumuiya yetu, mrina asali, mwenye mizinga ya magogo porini. Mwaka mmoja, Sikukuu ya Idi ikikaribia, alituletea asali mlangoni mwa msikiti, nasi tukainunua kwa furaha, wengine wakiwanunulia wagonjwa wao. Haikupita muda mrefu chupa zikaanza kutoa povu. Kifuniko cha moja kilifyatuka usiku na asali ikamwagika kabatini. Ilinuka kama kitu kilichochacha.

Tulimwita. Mmoja wetu akaleta kiberiti, akachovya njiti katika asali na kuiwasha. Haikuwaka. Tukasema: huu ndio ushahidi, umetia maji. Ndugu yetu akaapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakutia hata tone. Hatukumsadiki. Maneno mazito yalisemwa pale, na watu waliokuwa wakipita njiani waliyasikia. Baada ya siku hiyo hakuonekana tena katika sala ya Ijumaa.

Miezi kadhaa baadaye alikuja kwetu afisa wa ufugaji nyuki kwa shughuli nyingine. Tulimwonyesha chupa iliyobaki, akaweka tone katika kifaa chake kidogo cha kupimia maji kwa njia ya mwanga. Kilisoma asilimia 24. Tukasema: umeona, alitia maji! Naye akatujibu kwa upole kwamba kipimo kile kinasema tu kuna maji mengi. Hakisemi ni nani aliyeyatia. Akatueleza kwamba mrina akikata masega ambayo bado hayajazibwa kwa nta, atapata asali ya namna hiyo hiyo bila kuongeza kitu. Yale maji yanatoka katika ua lenyewe. Nyuki walikuwa bado wanayakausha.

Ndugu wapendwa, tulinyamaza. Tulikwenda kwa ndugu yetu, tukamkuta nyumbani kwake, tukamwuliza. Akasema kweli yote: kwamba alihitaji fedha za nguo za watoto kwa ajili ya Idi, hakungoja, alikata masega yaliyozibwa na yasiyozibwa pamoja. Hakutia maji. Alikuwa ameapa kwa haki. Kosa lake lilikuwa haraka, na kosa letu pia lilikuwa haraka. Yeye alikata sega kabla asali haijaiva, na sisi tulikata hukumu kabla habari haijaiva. Tulimwomba msamaha, kisha Ijumaa iliyofuata tukamwomba tena mbele ya watu, kwa kuwa aibu tuliyomtia ilikuwa ya hadharani. Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alitusamehe.

MKONO WA MTUME S.A.W. NDANI YA NAFAKA

Je, kwa kuwa hakutia maji, basi mrina hana lawama yoyote? La. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye nafaka alipoulizwa, alieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Hakuna mahali paliposemwa kwamba mtu yule aliimwagia maji kwa mkono wake. Mtukufu Mtume s.a.w. alimwuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu ili watu wauone, kisha akatoa onyo kali kwamba mwenye kudanganya si miongoni mwake.

Tunajifunza nini? Kwamba mnunuzi ana haki ya kujua unyevu ulipo, hata kama ni mvua iliyouleta, au ua. Na asali mbichi ina hatari nyingine kwetu sisi Waislamu. Hamira za asili zimo ndani ya asali. Maji yakiwa machache hulala, yakizidi huamka na kuigeuza sukari kuwa kileo. Nchini Tanzania pombe ya asali yajulikana kwa jina la wanzuki. Huko Yemen zamani iliitwa bit'i, na Mtukufu Mtume s.a.w. alipoulizwa juu yake alibainisha kwamba kila kinywaji kilevyacho ni haramu. Basi kitu kile kile kikitimia huwa ponyo, na kikiharakishwa huelekea kuwa ulevi. Tofauti yake ni subira ya siku chache.

Wapo pia, tuseme kweli, wanaochanganya asali na maji ya sukari kwa makusudi, kisha wakaiuza kwa kutaja aya za Kurani. Hao wameiba mara mbili: wameiba fedha, na wameiba imani ya mgonjwa. Kanuni za kimataifa za vyakula ziitwazo Codex Alimentarius zinasema wazi kwamba kinachouzwa kwa jina la asali kisiongezwe kitu kingine chochote, na kwa kawaida maji yake yasizidi asilimia 20. Tazameni ajabu hii: wanadamu waliandika kanuni hiyo kwa mikutano mingi, na nyuki huitekeleza bila kuisoma.

PONYO LINA MIPAKA YAKE

Tunaamini kwamba katika asali mna ponyo. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mtu aliyeagizwa amnyweshe asali ndugu yake aliyeumwa tumbo, akarudi mara kwa mara akisema hajapona, na kila mara akaagizwa amnyweshe tena, mpaka akapona. Madaktari wa leo nao wanakiri manufaa yake. Mwaka 2018 taasisi ya serikali ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilitaja asali miongoni mwa vitu vya kutuliza kikohozi kabla ya kukimbilia dawa za viuavijasumu. Na zipo asali maalumu, zilizosafishwa vijidudu kwa mionzi, ambazo hutumika hospitalini kufungia vidonda.

Lakini tusiseme jambo ambalo halikusemwa. Haikusemwa kwamba asali humfaa kila mtu kwa kila kiasi. Mwenye ugonjwa wa kisukari ajue kwamba asali ni sukari, na amwulize daktari wake.

Zaidi ya yote, mama zetu na baba zetu, tunawaomba mlishike neno hili: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulamba. Asali, hata iliyo safi kabisa, yaweza kuwa na mbegu za bakteria waitwao Clostridium botulinum. Sisi wakubwa hatudhuriki nazo. Tumboni mwa mtoto mchanga zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa huu kwa watoto wachanga ulitambuliwa mwaka 1976. Dalili zake ni kukosa choo, kulia kwa sauti dhaifu, kushindwa kunyonya, na shingo na viungo kulegea. Wakati mwingine mtoto hushindwa kupumua. Kuipasha asali moto jikoni hakuziui mbegu hizo. Mkiona dalili hizi, mpelekeni mtoto hospitalini mara moja.

Tunalisema hili kwa kuwa katika nyumba zetu wapo wanaompaka mtoto mchanga asali mdomoni wakidhani wanatimiza suna ya tahniki. Habari zilizopokewa katika Hadithi sahihi zinataja tende, na alivyofanyiwa Abdullah mtoto wa Zubair ni mfano unaojulikana. Basi tushike tende iliyolainishwa, kidogo sana, kwa mkono safi. Hakuna suna iliyovunjwa kwa kumwepusha mtoto na madhara.

TUFANYE NINI

Kwa ndugu zetu warinaji: ngojeni lakiri. Kateni masega ambayo sehemu kubwa yake imezibwa kwa nta, na yaliyo wazi muwaachie wenyewe wamalize kazi. Tumieni moshi, msitumie mienge ya moto iwauayo nyuki na kuchoma pori ambalo ndilo shamba lao. Msikombe masega yote, kwani na wao wana majana wa kulisha. Asali ikishakamuliwa ifungwe vizuri, maana asali iliyo wazi huvuta unyevu wa hewa.

Kwa wauzaji: semeni iliyoiva na isiyoiva, na msiapie msichokijua. Ukiwa umeinunua kwa mwingine, sema hivyo.

Kwa sisi wanunuzi: tuache kuhukumu kwa njiti za kiberiti na kwa kutazama kama sisimizi wanaikaribia. Mambo hayo hayatoi hukumu juu ya mtu. Wala tusidhani kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari. Glukosi iliyomo huganda yenyewe, na asali ya alizeti, kama ipatikanayo Singida na Dodoma, huganda upesi sana. Wala rangi si ushahidi: asali ya maua ya mparachichi huwa nyeusi, nyingine ni kama dhahabu, na rangi hizo mbalimbali tulikwisha kuambiwa habari zake katika aya. Penye shaka, apelekewe mtaalamu mwenye kipimo. Na bei isipoonekana ya haki, tusimlazimishe mrina ashushe mpaka akose njia ila kuharakisha. Katika haraka ya yule ndugu yetu, sehemu moja ilikuwa dhiki yake, na sisi majirani zake hatukuijua.

Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alimfananisha muumini na nyuki: hula kilicho kizuri, hutoa kilicho kizuri, na akitua juu ya tawi halivunji. Ndugu wapendwa, sisi tulitua juu ya ndugu yetu tukamvunja. Yeye leo, Alhamdulillah, yumo katika safu pamoja nasi, na msimu uliofuata asali yake ilipopimwa ilisoma asilimia 18. Alisema kwamba aliingoja wiki tatu zaidi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie subira ya kutimiza kazi kabla ya kuitia muhuri, na subira ya kusikiliza kabla ya kuhukumu. Atupe riziki ya halali, awaponye wagonjwa wetu, na awahifadhi watoto wetu. Amin.